Ngege unayemuuza si yule wa nyanya yako: jibu kwa mchuuzi wa Ahero

Swali: "Salamu, Daktari. Mimi huuza samaki sokoni Ahero: mbuta (sangara), ngege, omena (dagaa), na mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki minofu ikishakatwa, siku pesa ikiwa ngumu. Nyanya yangu aliolewa kando ya mto Nyando, naye husema zamani mvua kubwa ikianza, ningu walipanda mto hadi watu wakawabeba kwa vikapu. Mimi tangu nianze kuuza samaki sijamwona ningu kwenye beseni langu. Juzi mwanafunzi mmoja akaniambia eti hata huyo ngege ninayemuuza si ngege. Je, ni kweli? Mbuta ndiye aliyewamaliza? Na wanaweza kurudi? Nyanya huniuliza kila mwaka."

Jibu:

Mama, salamu zako nimezipokea, na nyanya umsalimie sana. Nianze na mwanafunzi wako, kwa sababu alilosema ni kweli, na unaweza kulihakikisha mwenyewe kesho asubuhi kabla hujampara samaki magamba. Mchukue mmoja wa wale unaowaita ngege, umtandaze mkia kwa vidole viwili, umwelekeze kwenye mwanga. Utaona mistari myeusi imesimama wima, mmoja nyuma ya mwingine, kutoka shina la mkia hadi ncha. Huyo ndiye wavuvi humwita nyamami. Hakuzaliwa na ziwa hili la Victoria. Aliletwa hapa kuanzia miaka ya 1950 pamoja na jamaa zake wengine wa kigeni, wakati serikali ya kikoloni ilipotaka kuziba pengo la samaki waliokuwa wakipungua.

Ngege mwenyewe, ambaye wanasayansi humwita Oreochromis esculentus, mkia wake hauna mistari hiyo. Alikuwa na ndugu yake, mbiru, ambaye ukingo wa pezi lake la mgongoni una rangi ya chungwa iliyokolea kana kwamba umechovywa kwenye rangi. Hao wawili hawapatikani kiasili popote duniani ila ziwa Victoria na maji yanayoungana nalo. Leo ukikaa mwezi mzima kwenye ufuo wa Dunga ukikagua kila mtumbwi unaofika, huenda usimwone hata mmoja wao.

Kwa hiyo jina limebaki sokoni, mwenye jina ameondoka. Jambo hili huniuma kuliko mengi niliyoyaona katika kazi yangu. Samaki akiisha na sufuria ikabaki tupu, watu hupiga kelele, chifu huitwa, na mbunge huulizwa. Lakini ngege alipoisha sufuria haikubaki tupu. Mwingine aliingia, akavaa jina lake, akapikwa kwa nyanya na vitunguu vilevile, na kizazi kizima kikakua kikiamini kwamba ndiye yuleyule. Nyanya yako ni miongoni mwa wachache waliobaki ambao ulimi wao unajua tofauti.

Sasa tuje kwa mbuta. Watu wengi huniuliza kama ulivyouliza, na karibu wote wameshamhukumu kabla sijajibu. Mbuta ana kesi ya kujibu, nami nitaifikia. Lakini ningu wa nyanya yako hakuuawa na mbuta. Ningu alikuwa ameshaanguka kabla mbuta hajajaa katika ziwa hili.

Ningu ni samaki wa safari. Miezi mingi hukaa ziwani, karibu na midomo ya mito, akikwangua uteute wa kijani kwenye mawe na matope kwa ule mdomo wake ulioelekea chini. Mvua zikianza, maji ya mto yakigeuka kahawia na kusukuma mbele, yeye hunusa kitu katika maji hayo na kuanza kupanda. Nyando, Sondu, Yala, Nzoia, Kuja: mito yote hiyo ilikuwa na msafara wake. Hupanda hadi pale mto unapomwagika nje ya kingo zake, akaingia kwenye nyasi zilizofunikwa na maji, akataga humo. Vifaranga hukulia kwenye maji hayo ya kina kifupi yenye joto na chakula, na mafuriko yakishuka hurudi mtoni, kisha ziwani.

Watu wa mito hii walimvua kwa miaka mingi sana bila kummaliza. Nyanya yako bila shaka anaikumbuka kek, ule uzio wa matete unaokatisha mto, wenye mapengo yaliyotegwa vikapu. Ilinasa wengi, lakini mafuriko yenyewe yaliupita uzio na kuufunika, na sehemu kubwa ya waliokamatwa ni wale walioteremka maji yalipopungua, yaani wameshataga. Tena kek ilikuwa na wenyewe. Ukoo fulani ulikuwa na pahali pake, na mtu hakuweza tu kutoka huko alikotoka akaja kutega.

Kisha zikaja nyavu za dukani. Mwaka 1901 reli ilifika Kisumu, na samaki wa ghuba ya Winam wakawa na njia ya kwenda hadi Nairobi. Mwaka 1905 nyavu za kutega, zile zinazomnasa samaki kwenye matamvua, zililetwa katika ghuba yetu. Baadaye watu waligundua kwamba wavu wenye matundu madogo ukitandazwa mbele ya mdomo wa mto wakati wa mvua, humpati ningu mmoja mmoja, unaupata msafara mzima. Na ni msafara wa majike yaliyojaa mayai. Katikati ya miaka ya 1960 uvuvi wa ningu ulikuwa umeshaporomoka, na wataalamu wa wakati huo waliandika hivyo waziwazi.

Nataka uelewe kwa nini kosa hilo ni zito kuliko kuvua sana tu. Mwaka mmoja, mwezi wa Aprili, nilisimama kwenye ufuo mmoja karibu na mdomo wa mto, nikakuta mama mmoja ana ningu sita kwenye karai. Nilifurahi kuwaona, nikamwomba aniuzie mkubwa wao. Nilimpasua palepale kwenye ubao wake. Utumbo haukuonekana. Tumbo lote lilikuwa mayai, madogo, ya kijani kibichi kilichofifia, yakimiminika kati ya vidole vyangu kama uwele. Maelfu kwa maelfu, ndani ya samaki asiyezidi urefu wa kiganja na nusu. Alikuwa amebakiza kilomita chache tu afike kwenye nyasi. Nilimlipa yule mama, nikakaa kwenye gari kwa muda kabla sijaweza kuandika chochote kwenye daftari. Yeye hakufanya kosa, alikuwa anatafuta karo. Lakini samaki yule angeuawa miezi miwili baadaye, angeliwa vilevile, na mto ungekuwa na vifaranga.

Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limemweka ningu katika daraja la hatari kubwa kabisa, lile linalotangulia kutoweka. Hayuko peke yake. Mwaka 2018 shirika hilo lilitoa ripoti ya bonde lote la ziwa Victoria: walipima aina 651 za samaki, konokono, kereng'ende, kaa, kamba na mimea ya majini, wakakuta asilimia 20 zimo hatarini. Walipochambua zile 204 ambazo haziishi popote pengine duniani, asilimia 76 zilikuwa hatarini. Zile ambazo ni zetu peke yetu ndizo zinazokwisha.

Ngege alitangulia kuonyesha dalili. Kufikia mwaka 1927 na 1928 upungufu wake ulikuwa mkubwa hata serikali ya wakati huo ikamtuma mtafiti, Michael Graham, kukagua ziwa lote, naye akapendekeza wavu wa ngege usiwe na matundu yaliyo chini ya inchi 5. Sheria ikatungwa, ikasumbua, na katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi zetu ziliiondoa. Matundu yakazidi kuwa madogo. Ndipo nyamami akaletwa, akamkuta ngege ameshadhoofika. Nyamami hula karibu kila kitu, hukua haraka, hupigania mahali pa kutagia, na baya zaidi huzaana na ngege. Watoto wao ni machotara, na kizazi baada ya kizazi damu ya ngege inayeyuka ndani ya damu ya mgeni. Ngege kwa upande wake alikuwa mchaguzi: aliishi kwa mimea midogo sana ya majini yenye ganda kama la kioo. Udongo wa mashamba, mbolea na maji machafu ya miji vilipoongezeka ziwani, mimea hiyo ilipungua na nafasi yake ikachukuliwa na ule ukungu wa kijani unaouona Kisumu siku za utulivu, unaonuka jioni. Kwa hiyo hata tungeondoa nyavu zote leo, meza yake ya chakula haipo kama ilivyokuwa.

Basi mbuta. Aliingizwa upande wa Uganda mwaka 1954, na baadaye akaongezwa, hata hapa Kenya. Kwa miaka ishirini na zaidi hakutisha. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 akalipuka. Chakula chake kikubwa kilikuwa fulu, wale samaki wadogo wenye mifupa ambao watoto walikuwa wakiwakamata kwa ndoano ya pini. Kabla ya mbuta kulipuka, utafiti wa kukokota nyavu ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki wa ziwa ulikuwa fulu. Aina zao zilikadiriwa kuwa 500 au zaidi: mmoja anakula konokono, mwingine magamba ya wenzake, mwingine mayai yaliyo kinywani mwa mama, kwa kuwa fulu wengi hulea watoto kinywani. Inakadiriwa kwamba aina 200 hivi zilitoweka katika muda mfupi sana. Wako waliotoweka kabla hawajapewa jina la kisayansi. Tunao kwenye chupa za makumbusho tu.

Hapo mbuta ana hatia, sifichi. Lakini alisaidiwa. Fulu wa kike humchagua dume kwa rangi yake, wa buluu au mwekundu, na rangi haionekani kwenye maji ya matope. Watafiti walionyesha mwaka 1997 kwamba mahali maji yalipokuwa machafu zaidi, rangi za fulu zilififia na aina zikaanza kuchanganyika. Kwa hiyo udongo unaoteremka na Nyando kutoka kwenye miteremko iliyokatwa miti, ule unaochimba makorongo Katuk Odeyo, unafika ziwani na kuvunja ndoa za samaki. Sijui namna nyingine ya kulisema.

Na ziwa hujibu kwa namna usiyoitegemea. Gugumaji lilipofunika ghuba yetu, likafikia kilele mwaka 1998, mitumbwi ilikwama na watu wakalala njaa. Lakini chini ya zulia lile, mbuta hakuweza kuingia, maana yeye huhitaji maji yenye hewa nyingi. Kamongo, anayepumua hewa ya juu, na mumi (kambare) wakajificha humo, na wavuvi wakaanza kuwapata tena kwa wingi. Silisifu gugu. Nataka uone tu kwamba samaki wa asili wakipata mahali mbuta asipofika, wanajua kuishi.

Mahali hapo papo bila gugumaji, na ndipo jibu la swali lako la mwisho lilipo. Ni mafunjo. Kwenye kinamasi cha Yala, kaunti ya Siaya, kuna ziwa dogo liitwalo Kanyaboli, limezungukwa na mafunjo marefu kuliko mtu aliyesimama kwenye mtumbwi. Mbuta hakufika humo. Ngege wa kweli bado yumo, pamoja na fulu ambao ziwa kubwa limewapoteza. Ukienda alfajiri utasikia ndege wakiitikiana ndani ya mafunjo kabla hujaona kitu. Mmoja wao ana kifua chekundu na utosi wa njano, haishi popote ila kwenye mafunjo, naye hukosa makao mafunjo yakikatwa. Ukibahatika zaidi utaona nzohe, yule swala mwenye kwato ndefu zilizopanuka, akitembea juu ya matope bila kuzama.

Mvuvi mmoja wa huko alinipakia kwenye mtumbwi wake, akatoa samaki kutoka kwenye wavu, akanipa bila kusema neno. Nikamtandaza mkia. Hakukuwa na mistari. Nilimshika samaki yule muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, hadi yule mzee akacheka akasema, "Huyo ni wa kuliwa, Daktari."

Lakini hata Kanyaboli si salama. Tangu miaka ya 1960 na 1970 kinamasi cha Yala kimekuwa kikikaushwa vipande vipande kwa ajili ya kilimo, mara kwa mipango ya serikali, mara kwa mashamba makubwa, mara kwa familia zinazohitaji pa kupanda mahindi. Mafunjo huchomwa kiangazi ili ardhi ifunguke. Na uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba damu ya nyamami imeshaingia kwa baadhi ya ngege wa Kanyaboli. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Kuanzia mwaka 2009 serikali ilichimba mabwawa ya samaki katika kila pembe ya nchi, jambo jema kwa lishe, lakini samaki waliopandwa humo wengi ni nyamami, na bwawa likifurika, wanaingia kwenye mfereji, mfereji kwenye mto, mto kwenye kinamasi. Mtu yeyote anayewazia kupanda vifaranga Kanyaboli ili "kuongeza samaki" azuiwe hata kama nia yake ni njema. Ndoo moja ya vifaranga inatosha kufuta kilichobaki.

Wanaweza kurudi? Nikujibu kila mmoja kivyake, maana hali zao hazifanani. Fulu, baadhi yao, wamesharudi wenyewe. Mbuta alipovuliwa sana kuanzia miaka ya 1990 kwa ajili ya viwanda vya minofu, vile vinavyotuachia mgongo wazi, aina chache za fulu ziliongezeka tena, na upande wa Mwanza watafiti walipowapima walikuta matamvua yao yamekuwa makubwa kuliko ya babu zao waliohifadhiwa makumbusho, ili waweze kupumua katika maji yenye hewa kidogo. Ngege katika ziwa kubwa, sina matumaini ya karibu. Kazi kwake ni kulinda Kanyaboli na vidimbwi vingine alikobaki, na kuwatunza wale wasio na damu ya nyamami.

Ningu ndiye ninayemwamini zaidi, na wewe uko mahali pazuri pa kumsaidia. Wachache bado wanapanda mito. Uganda walifaulu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kumtagisha bwawani kwa sindano ya homoni, na kituo cha Kegati karibu na Kisii kimekuwa kikifanya kazi hiyo kwetu. Vifaranga kwa hiyo vinawezekana. Kinachokosekana ni mdomo wa mto ulio wazi wakati wa mvua. Sheria zipo: kokoro, wavu unaokokotwa hadi ufuoni, limepigwa marufuku, nyavu za uzi wa plastiki zimepigwa marufuku, na vikundi vya usimamizi wa fuo, BMU, vina mamlaka ya kulinda maeneo ya kutagia. Omena hupumzishwa kuanzia Aprili hadi Julai kila mwaka na watu wamezoea, ingawa wananung'unika. Ningekuwa na kitu kimoja cha kuomba, ningeomba BMU za midomo ya Nyando na Sondu zitoe nyavu mbele ya mto kwa wiki chache za mvua ya kwanza, na nyinyi wachuuzi mkatae kununua ningu mwenye tumbo lililojaa. Mvuvi hutega kile ambacho mama wa soko hununua, wewe unajua hilo kuliko mimi.

Kuna jambo la mwisho, na hili ni kwa nyanya. Muulize kek za ukoo wa mumewe zilisimama wapi hasa, kwenye kona ipi ya Nyando, karibu na mti gani au kanisa gani la sasa. Muulize ningu walifika siku ngapi baada ya mvua, na maji yalikuwa yamefika kwenye nyasi zipi. Mahali hapo ndipo walipotaga, na sehemu kubwa ya uwanda wa Kano imeshalimwa na kujengewa kuta za kuzuia mafuriko tangu wakati huo. Tukijua vipande vilivyobaki wazi, tunajua pa kuanza kurudisha vifaranga. Andika anavyosema, kwa Kijaluo chake, usikitafsiri. Na ukimpata ningu Aprili hii, mpige picha ubavuni na mdomoni kabla ya kitu kingine chochote, andika siku na mahali, upeleke kwa afisa wa uvuvi wa kaunti. Ikiwa bado yu hai, mrudishe majini, upande wa juu wa nyavu.